Jina Langu Kwenye Wimbo wa Nestori

Kama umewahi kukutana mtandaoni na wimbo wa zeze unaoanza ghafla, kana kwamba mwimbaji amesukumwa mlangoni, na jina lililoandikwa hapo ni Mama Rukia Kasulu, ujue mapema kwamba mimi sijui kuimba. Hata kwenye maulidi nafungua mdomo tu, wengine ndio wanaosikika. Jina ni langu kweli. Wimbo si wangu.

Juzi mpangaji wangu, binti anayesoma chuo cha ualimu hapa mjini, alikuja mbio na simu mkononi. Akapiga magoti kwa utani, akasema hakujua anaishi nyumba moja na msanii. Alitaka kunionyesha idadi ya watu waliousikiliza, lakini macho yangu yalibaki kwenye lile jina. Akaniuliza kwa nini sidai changu. Nikamwambia anisubiri kidogo, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, na aibu niliyodhani imezeeka pamoja nami ikarudi mbichi. Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana, hasa mnaotunga na kurekodi wenyewe kisha mnapakia nyimbo huko mitandaoni. Mnaahidiwa leo maneno yale yale niliyokuwa nikiwaahidi wenzenu kibandani kwangu.

Kibanda kilikuwa kwenye soko la Kasulu, upande wa wauza mitumba. Marehemu mume wangu alirudufu kanda pale, zikaja CD, akafa, nikabaki mimi na kompyuta ya mezani niliyoiogopa kuliko mkwe. Kufika mwaka 2012 kazi ilikuwa moja tu: kujaza nyimbo kwenye kadi za simu. Mtu analeta simu yake ya vitufe, unatoa betri, unachomoa kikadi kidogo kama ukucha, unakipangusa kwa kanga, unakiweka kwenye kisomeo, unamuuliza anataka nini. Watu wengi hawakujua majina ya nyimbo. Walikuimbia kipande, tena vibaya, ukitakiwa uutambue wimbo wenyewe. Mimi niliweza. Dereva wa lori angenung'unika kitu kama mtu mwenye jino bovu nami ningemwekea wimbo aliokuwa akiuwaza tangu Kibondo.

Nilijifunza kwa kuharibu. Siku moja nilichanganya kadi mbili zilizokuwa mezani, ya mwenye baa na ya mama mmoja kiongozi wa kwaya. Jumapili yule mama akaunganisha simu na spika za kanisa ili watu wajifunze wimbo mpya, na kilichotoka kilikuwa cha baa. Alirudi Jumatatu, hakunitukana, akaniambia tu kwamba mchungaji ameniombea. Tangu siku hiyo kila kadi niliifunga kwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Kwa majina ya wateja nilikuwa mwangalifu sana, kumbukeni hilo.

Sasa sikilizeni jinsi fedha ilivyotembea, maana haijabadilika sana. Mteja alinilipa kwa kujaza kadi. Hakulipia wimbo huu au ule, alilipia kadi ijae. Ndani ya malipo yale mwimbaji hakuwemo kabisa, wala hakuna aliyeona ajabu. Waimbaji wa huku walikuja wenyewe na nyimbo zao, wananishukuru nikikubali kuzipokea. Neno langu lilikuwa moja: "Niachie hapa, nitakutangaza." Nililisema kwa moyo mweupe, na nusu yake ilikuwa kweli.

Kulikuwa na desturi nyingine. Wenye vibanda wenzangu walikuwa wakitoa nyimbo kwenye kadi za wateja wangu na kuziuza kwao, kwa hiyo kila mmoja wetu alifuta jina la mwimbaji pale linapojitokeza kwenye simu, akaandika la duka lake. Fundi redio mkorofi aliyenifundisha kompyuta alisema kazi ya kwanza asubuhi ni kufagia, ya pili ni kubadili majina. Nilizifanya zote mbili kila siku. Hivyo kila wimbo uliotoka kwangu ulisomeka Mama Rukia Kasulu, awe ameimba mwanamume, mwanamke au kwaya nzima.

Nestori alikuja mwaka ule ule wa 2012. Kijana wa Heru Juu, mrefu, mpole hadi unamkasirikia. Alileta muhogo sokoni kwa baiskeli, na juu ya mzigo amefunga zeze ndani ya gunia. Akaniambia amejirekodi kwa simu yake, uani kwa mama yake, na angependa watu wausikie. Shamba lao lilikuwa dogo na ndugu wengi. Alichokuwa anakitafuta ni kualikwa harusini, maana mpiga zeze hupata riziki anapoitwa na kutunzwa. Ili aitwe, ajulikane ni nani na anapatikana wapi. Hakuomba zaidi ya hapo.

Nikaweka vipokea sauti masikioni, nikasikiliza. Kwanza kuku. Halafu Nestori anabisha hodi na kusalimu kwa Kiha, "Mwidiwe," ile salamu ya mchana, na makofi mepesi ya adabu. Mama yake anajibu, naye anapiga makofi, anauliza wa nyumbani, anauliza maharage, anauliza mvua. Kila swali na jibu lake. Kisha Nestori anajitaja: jina lake, jina la baba yake, Heru Juu, ukimtaka uliza kwa mafundi baiskeli njia panda. Baada ya hayo yote ndipo zeze linaanza, na likianza, wallahi, nilivua miwani.

Lakini nilicheka kwanza. Nikamuuliza kwa nini anajitambulisha kwa mama aliyemzaa.

"Sijitambulishi kwake," akasema. "Yeye ananisaidia kuwajibia wale ambao hawapo."

Mimi si Muha. Baba yangu alitoka Pangani kufuata biashara, nikazaliwa hapa, na Kiha changu ni cha sokoni. Salamu za Waha zilinichosha toka utotoni. Kabla hujanunua fungu la vitunguu ulizwe ukoo mzima, uulizie na wa mwenzio. Nilizoea kuitikia huku mikono ikiendelea na kazi, na nikishaona mtu anavuta pumzi aulize la pili, namuuliza anataka nini.

Wimbo ukapendwa. Watu wakautaka hadi uwe mlio wa simu zao, na hapo ndipo yalipotokea ya Deo. Deo alikuwa mwendesha bodaboda, kijiwe chake mbele ya kibanda changu. Siku ya soko simu yake ikaita mfukoni, katikati ya akina mama wauza maharage: "Mwidiwe." Na makofi. Akina mama wakaacha visado vyao, wakapiga makofi, wakajibu. Salamu haiachwi ikaning'inia hewani. Simu ikauliza habari za nyumbani, wakajibu nzuri, wakauliza na wao. Deo anapapasa mfuko, wao wanamwambia asubiri kwanza, mama wa watu hajamaliza. Alipoitoa simu, mpigaji amekata tamaa, na alikuwa abiria wa kwenda mbali. Soko lilicheka mpaka wauza dagaa wakaja kuuliza kuna nini.

Deo alikuja kwangu amevimba. "Mama Rukia, huu mlio unasalimia watu. Utanifilisi."

Wakafuata wengine wenye shida hiyo hiyo. Nami nikafanya nilichokuwa natamani kufanya tangu mwanzo. Nikaufungua wimbo kwenye kompyuta, nikakata kila kitu mpaka pigo la kwanza la zeze. Kuku, hodi, makofi, mama, jina, Heru Juu, vyote. Niliviita kelele. Wimbo ukawa mwepesi, nafasi ikapatikana kwenye kadi kwa wimbo mwingine, na ule mzima nikaufuta ili nisije nikachanganya kama zile kadi mbili. Kila aliyekuja na ule mrefu, nilimbadilishia bure. Nilijiona fundi hodari.

Nestori alipousikia alikuja mezani kwangu.

"Mama Rukia, jina langu lilikuwa pale mwanzo."

Nikamjibu, "Wanaokujua wanakujua."

Nililisema jibu hilo huku nahesabu betri. Leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu jikoni, nasema kitu chochote kwa sauti ili lisisikike kichwani. Yeye hakubisha. Tena siku ile simu yake ilikuwa na virusi, nikamhurumia, nikaifuta kadi yake yote, nikamjazia upya bila malipo. Na wimbo wake nikamuwekea, ule uliokatwa. Akashukuru.

Wimbo ulitembea kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nilikuwa nikimpelekea mfanyabiashara mmoja wa Mabamba, kule mpakani na Burundi, kadi zilizokwisha kujazwa, naye anaziuza kwa watu wa pande zote mbili. Abiria wa Kibondo waliniambia umefika huko, wachuuzi Wakongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu waliniimbia kwa lafudhi yao. Kila nilipokutana na Nestori nilimpa habari hizo kama zawadi. Umefika Mabamba, Nestori. Anacheka, anapakia muhogo, anarudi Heru Juu. Harusi hakuitwa hata moja nje ya kata yake.

Mwaka 2014, baada ya mavuno, alipeleka maharage Mabamba mwenyewe. Akausikia wimbo wake dukani kwa yule yule mfanyabiashara wangu, ambaye alikuwa anamwoza binti yake na anamtaka mwimbaji wa zeze kwa gharama yoyote. Watu pale walishakubaliana kwamba mwimbaji ni Mrundi wa ng'ambo, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, na wimbo wenyewe haukusema unatoka wapi. Kulikuwa na mtu wa ng'ambo aliyekuwa akiupiga kwenye vilabu, wala hakukanusha alipoitwa mwenyewe. Nestori akasema ni wake. Wakacheka. Akaimba bila zeze, mmoja akasema hata watoto wake nyumbani wanauimba. Ndipo akawaambia kuna ule mzima, ambamo anataja jina lake na mama yake anamjibu. Mwenye harusi, mtu muungwana, akamwambia alete huo, naye atamuita yeye.

Nestori alifika kibandani na vumbi la barabara nzima. "Nipe ule wenye mama."

Nilitafuta. Nilifungua kila folda, hata za taarabu. Nikamuita Deo, nikakumbuka ni mimi niliyembadilishia kadi kwa mikono yangu. Nikawapitia wauza mitumba, wauza dagaa, mwenye baa. Kazi yangu ilikuwa imefanyika vizuri mno, sikuacha hata mmoja. Nestori alinifuata nyuma kibanda kwa kibanda, na kila mtu tuliyemuuliza alifurahi kutuonyesha kwamba anao, halafu zeze linaanza ghafla.

Nikampigia simu yule wa Mabamba. Nikamwambia wimbo ni wa Nestori wa Heru Juu, mimi shahidi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama Rukia," akasema, "kwenye kadi umeandika ni wako. Sasa unaniambia ni wa Nestori. Kesho utaniambia ni wa nani?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, Nestori alisikia. Nami nikaruka haraka kwenye dawa, kama ilivyo tabia yangu. Nikamwambia hakuna lililoharibika. Aende kwa mama yake jioni ile ile, wapige hodi, wasalimiane, arekodi upya, mimi nitalipa bodaboda.

Akaniambia mama alipigwa na kiharusi tangu mvua za mwanzo. Upande mmoja umekufa, na hasemi.

Tangu mvua za mwanzo. Kila siku ya soko alipita mbele yangu, akanisalimu, nami nikaitikia na kumuuliza anataka nini. Angepewa nafasi ya swali la pili tu, ningeyajua ya nyumbani kwake. Sikuwa na pa kutazama. Nilitazama kibodi.

Harusi ile alikwenda yule wa ng'ambo. Nilisikia alitunzwa sana, na baada ya hapo akawa anaitwa hadi Kibondo mjini, kwa wimbo ule ule. Simlaumu kuliko ninavyojilaumu.

Sasa ninyi. Mnaambiwa wekeni wimbo hapa, dunia nzima itausikia. Itausikia, hilo halina ubishi, mimi niliifikisha sauti ya mtu wa Heru Juu hadi Burundi bila pasipoti. Ulizeni vitu viwili tu: jina langu litasafiri nao? Na atakayenitaka atanipataje? Kama jibu ni kwamba wanaokujua wanakujua, bebeni zeze lenu mwondoke. Jina lenu liwekeni katikati ya kiitikio, pale ambapo mkataji akigusa wimbo unakufa. Wimbo mzima, kama ulivyotoka siku ya kwanza na kuku wake, uwekeni kwa watu tofauti, tena mmoja awe mtu asiyejua kompyuta, huyo hatafuta kitu. Na mtu akiwaambia anawasafishia simu bure, mwambieni asante, iache na uchafu wake.

Mpangaji wangu alijaribu kuandikia wenye mtandao ili waondoe jina langu. Wakajibu kwamba anayedai wimbo athibitishe, alete rekodi ya awali. Aliponisomea, nilimwomba azime simu.

Nilifunga kibanda mwishoni mwa mwaka 2015. Vijana walikuwa wameanza kurushiana nyimbo wenyewe kwa simu, na wengine kuzitoa mtandaoni, siku nzima ikapita bila kadi. Watu walinipa pole. Sikuwaambia kwamba kufunga kulinipa nafuu, maana kila nilipouwasha muziki niliogopa zeze.

Kabla sijauza kompyuta nilimwomba Deo anipeleke Heru Juu. Nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka bila kwenda, na sokoni nilikuwa nimejifunza kupita nyuma, kwa wauza chumvi, siku ambazo Nestori analeta muhogo. Nilibeba sukari na sabuni, nikajiona mjinga navyo mkononi. Kwa mafundi baiskeli, njia panda, tulimuuliza, wakatuonyesha nyumba mara moja. Anwani ilikuwa sahihi.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, mguu mmoja umenyooshwa, mkono wa kushoto umelala mapajani. Nestori alikuwa akimenya muhogo. Hakushangaa kuniona, wala hakukasirika, afadhali angekasirika. Nikachuchumaa mbele ya mama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaitoa salamu ile yote. "Mwidiwe," na makofi, nikauliza wa nyumbani, nikauliza maharage, nikauliza mvua, na baada ya kila swali nikangoja.

Mama alinitazama usoni. Akainua mkono wa kulia, ukabaki hewani, hauna wa kupigana nao. Nestori akaweka kisu chini, akajipangusa, akachuchumaa ubavuni kwake na kutandaza kiganja chake mwenyewe mbele ya mama. Mama akakipiga. Taratibu, mara kadhaa, makofi mepesi yale yale ya uani niliyoyasikia masikioni siku ile kibandani, yale niliyoyaita kelele.

"Anakuitikia," Nestori akasema.

Kuku walikuwa wakipita kati yetu. Mama akaendelea kunitazama, anangoja kitu, nami sikujua ni nini.

"Jitaje, mama," Nestori akaniambia kwa upole. "Hakujui."

Jina lile nilikuwa nimeliandika kwenye kadi za watu wa wilaya mbili na ng'ambo ya mpaka, juu ya sauti yake na ya mwanawe. Nilifungua mdomo kulitaja, halikutoka.